Virusi vya Nelius

Siku ya soko Makutano haina adabu. Lori linapiga honi, makanga wanaita abiria wa Nanyuki, mwenye kabichi anagombana na mwenye mbuzi. Katikati ya vurugu hiyo Nelius alisimama kando ya mkokoteni, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa blanketi. Sweta lake lilikuwa la manjano, na nywele zake zilizotiwa dawa ya mawimbi, kaliketi, zilimeta juani.

"Dada, hiyo hubebwa kama mtoto, si kama gunia la viazi."

Aligeuka. Kijana mrefu, tai nyekundu, suruali ya kodrai. Mfukoni mwa shati, mahali wengine huweka kalamu, alikuwa na diski tatu.

"Wewe umezaa wangapi ndio unifundishe?"

Mwenye mkokoteni alicheka. Kijana hakucheka. "Mimi ni Kaberia. Mji huu hakuna kompyuta isiyonijua."

"Hii haikujui."

"Basi tutajuana."

Walijuana. Nelius alipiga chapa kadi za harusi na ratiba za mazishi sebuleni kwa mama yake, Regina, ambaye alihamia naye kutoka Embu. Kaberia aliiwasha mashine, akaitia programu kutoka diski zake, akaunganisha modemu na waya wa simu ili barua zifike Nairobi. Kisha akawa anarudi hata pasipo na hitilafu.

"Leo nini kimeharibika?" Nelius humuuliza mlangoni.

"Mimi, mpenzi. Hebu niguse paji la uso uone."

Mapenzi yakakolea, na Kaberia akaanza kuulizia siku ambayo wazee wake wangeweza kumtembelea Regina.

Ndipo modemu ikagoma. Adhuhuri moja Kaberia alikuwa kwenye simu ya kulipia nje ya posta, foleni ndefu nyuma yake, akijaribu kumwelekeza Nelius aliyekuwa nyumbani.

"Inalia kidogo halafu inanyamaza," Nelius alisema. "Na ile programu mpya ya ulinzi niliyotumiwa na binamu yangu kwa modemu wiki iliyopita inaniandikia maneno mekundu."

"Nisomee."

Alisoma. Laini ilikwaruza, Kaberia akapaza sauti kama anayeita ng'ombe.

"Nelius, una virusi! Unanisikia? Una virusi! Ni nani alikuja kwako akaingiza yake?"

"Hakuna mtu!"

"Usinidanganye! Hivi haviji vyenyewe. Umemruhusu mwanamume gani?"

Nyuma yake foleni nzima iliinua vichwa. Miaka hiyo neno virusi lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa ikizikwa kila Jumamosi. Mtu wa tatu katika foleni alikuwa Teresia, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la Regina. Aliondoka bila kupiga simu yake.

Kufikia Jumapili, hakuna aliyekaa benchi moja na Nelius. Bwana harusi mmoja alituma mtu achukue kadi zake, na mtu huyo akazipokea kwa ncha za vidole. Regina alilia jikoni akidai ni moshi.

Nelius alimpigia Kaberia dukani kwake alikotengenezea kompyuta.

"Mashine hii haijaingizwa diski ya mtu mwingine. Yako tu. Ile uliyosahau hapa nimeipima, na programu imeandika maneno yale yale. Ulikuwa unajua?"

Kaberia alikuwa amezipima diski zake jioni ya siku ile ya posta. Zote zilikuwa chafu. Alikuwa ameona aibu iliyomchoma masikio, na badala ya kusema, akafunga duka mapema.

"Ulijua," Nelius alisema, akakata simu.

Jumamosi iliyofuata akina mama walikuwa kwa Regina, wamekuja kumwombea binti. Kaberia aliingia bila tai, akasimama katikati ya sebule.

"Mama zangu, nimekuja kusema ukweli. Virusi vya Nelius vilitoka kwangu."

Kikombe kilianguka. "Uuuwi!" Regina alishika kichwa. "Hata wewe!"

"Kaberia, nyamaza!" Nelius alitokea chumbani. "Unanizika mara ya pili! Washa mashine waone."

Kaberia aliwasha, akaingiza diski. Kompyuta ililia, kioo kikajaa wekundu. Wazee wa kike walisogea, miwani puani.

"Kwa hivyo," Teresia alisema polepole, "ni ugonjwa wa mashine?"

"Wa mashine, mama. Binti yenu hana neno."

"Na huo ugonjwa ulitoka wapi? Maana ofisini kwa mzee wangu, unakotengeneza mashine, pia wanalia, na wewe uliwaambia makarani wachafu ndio waliouleta."

Hapo ndipo penyewe. Kaberia angeweza kutaja Nairobi, angeweza kumtaja yeyote. Mume wa Teresia ndiye aliyempa kazi kubwa kuliko zote, na neno hili lingefika kila ofisi kabla ya giza. Alimtazama Nelius. Nelius hakumsaidia.

"Kwangu, mama. Nimeupeleka kila mahali nilipoingia. Nilijua, nikanyamaza, nikaacha jina la Nelius liburutwe matopeni."

Teresia alimwinamia Regina, kisha akaanza kuokota vipande vya kikombe.

Nelius alimsindikiza Kaberia hadi nje, kama mgeni yeyote.

"Mpenzi, nina haya hata ya kukutazama."

"Mimi ndiye niliyeaibishwa, na bado unataka nikubembeleze?"

"La. Wazee wangu nitawaambia wasije."

"Nani amekutuma uwaambie hivyo?" Alifunga vifungo vya sweta. "Jumatatu unaanza kusafisha mashine za nani?"

"Za mume wa Teresia. Kama hatanifukuza."

"Tutafukuzwa pamoja."

Nelius akamshika mkono pale barabarani, mchana kweupe, akina mama wakichungulia dirishani. Kaberia aliona haya mpaka shingoni. Hakuuondoa mkono.