Ukungu Katika Kila Lenzi

Kila siku ya likizo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi hugonga mlango wa chumba changu mara tatu, kisha huuliza, "Bado umelala?" Siku ya kwanza nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba aliyelala hawezi kujibu swali hilo, na anayelijibu amekwisha kuamka. Tangu siku hiyo hugonga mara sita.

Shangazi ni mpiga picha. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye pazia la bluu, kiti cha kuzunguka na kioo ambamo wateja hujitazama wakivuta matumbo ndani. Kazi yangu ni kufagia, kushika taa na kuwachekesha watoto wadogo wanaoletwa kupigwa picha huku wamenuna. Kazi hiyo ya mwisho naiweza mno. Shuleni, huko bwenini, naitwa Kiroboto, na mwalimu wa zamu aliandika katika ripoti yangu kwamba msichana huyu "ni mcheshi kupita mahitaji ya shule." Baba alipoisoma alitangaza kuwa nikifanya kituko kimoja zaidi, nitamalizia likizo kwa Baba Mkubwa, mfugaji wa kuku, ambaye huongea na kuku wake kutwa nzima na hushtuka binadamu akimjibu.

Alhamisi moja Shangazi hakuwa na muda wa kucheka. Lenzi yake ilikuwa imeanguka wiki mbili kabla, na sasa ukiitikisa ilisikika kama kopo lenye kokoto. Jumamosi alikuwa na kazi ya harusi. Katika ukumbi mkubwa wa mjini palikuwa na maonyesho ya kamera ya siku mbili, ambako mtu aliruhusiwa kufunga lenzi yoyote kwenye kamera yake na kuijaribu kabla ya kununua. Shangazi alikuwa amedunduliza fedha miaka miwili akiisubiri siku hiyo.

"Leo utatulia," aliniambia. "Ukitulia mpaka jioni, Jumamosi nitakupa ile kamera ndogo uwapige picha wageni. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Na hiyo miguu imepauka kama umekesha ukichanganya saruji. Kajipake mafuta!"

Basi, nikajipaka. Sijawahi kutii amri kwa ukamilifu kama nilivyotii ile. Nilijipaka miguu, mikono, shingo, uso na masikio, mbele na nyuma, mpaka kopo la mafuta ya waridi likabaki nusu, nami nikang'aa kama sufuria mpya. Nilikusudia kutokea mbele ya Shangazi na kuuliza, "Je, yanatosha?" Lakini nilipotaka kufungua mlango, kitasa kiliteleza mkononi. Nikakijaribu tena, kikateleza tena. Juu ya meza, kando ya begi la kamera, palikuwa na kitambaa laini cha kijivu. Nikafuta viganja vyote viwili, nikakikunja vizuri na kukitia katika mfuko wa begi, maana mimi ni mtoto niliyelelewa.

Shangazi aliponiona hakucheka hata kidogo. Alisema, "Twende, taa ya barabarani wee."

Ukumbini watu walikuwa wamejaa. Meza zilipangwa safu kwa safu, na kila meza ilikuwa na lenzi fupi, ndefu, na nyingine nene kama chupa ya chai. Ukitaka kujaribu uliacha kitambulisho, ukapewa lenzi. Wengine walimpiga picha dada mmoja aliyekaa jukwaani chini ya taa akitabasamu tangu asubuhi kama anayelipwa kwa kila jino. Shangazi hakutaka hilo.

"Taa za jukwaani zinampamba kila mtu," alisema. "Mimi nataka kuona ukweli." Akanipa gazeti la zamani na kuniamuru nilishike kifuani, nisimame mbele ya nguzo. Atanipiga picha, kisha ataikuza kwenye kioo cha kamera aone kama herufi ndogo zinasomeka. Nikasimama pale kama mtuhumiwa, watu wakipita na kunitazama. Mzee mmoja aliinama akasoma habari za michezo zote, akanishukuru, akaenda zake.

Shangazi ana desturi moja. Haiamini lenzi iliyoshikwa na mtu mwingine. Akipewa, kwanza huipulizia pumzi, halafu huifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, taratibu, mizunguko saba, huku ametoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo. Alifanya hivyo katika meza ya kwanza. Akapiga. Akatazama.

"Mbona ina ukungu?"

Muuzaji, kijana mwenye tai nyekundu, akasema labda ni mwanga. Tukahamia nguzo nyingine. Ukungu ulihama nasi. Herufi zilivimba, na kila taa iliyokuwa nyuma yangu ilikuwa na duara jeupe kama taa ya gari kwenye mvua.

"Labda ni mtoto," kijana akasema. "Anang'aa sana."

"Mtoto ni wangu, lenzi ni yako," Shangazi akamjibu. "Zungumzia ya kwako."

Katika meza ya pili mambo yalikuwa yale yale. Lenzi ikapuliziwa pumzi, ikafutwa mizunguko saba, nami nikasimama na gazeti langu. Ukungu. Shangazi akashusha pumzi ya mtu aliyekosa usafiri wa mwisho. Mimi miguu iliniuma, gazeti lilinipaka wino, na dada wa jukwaani alikuwa amekwisha kwenda kula na kurudi.

"Shangazi, si ununue tu moja twende?"

"Kiroboto, nyamaza."

Meza ya tatu ilikuwa ya dada mmoja mpole mwenye miwani, aliyekuwa na lenzi ile hasa ambayo Shangazi aliitamani. Aliitoa kwenye boksi kama anayetoa yai. Shangazi akaipulizia pumzi, akaanza kuifuta, na safari hii nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa. Nikasikia harufu ya waridi.

Nilidhani ni mimi nanukia. Nikarudi nyuma hatua moja. Harufu ikapungua. Nikasogea tena. Ilikuwa inatoka kwenye kitambaa. Kitambaa laini, cha kijivu.

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayekumbuka jibu la mtihani baada ya karatasi kukusanywa. Haikuwa lenzi ya mtu yeyote iliyokuwa mbovu. Sisi ndio tuliokuwa tukizunguka ukumbini tukizipaka mafuta, meza moja baada ya nyingine.

Picha ikatoka na ukungu. Shangazi akairudisha lenzi. Mkuu wa meza, bwana mwenye kitambi, akaichukua, akaiinamisha kwenye mwanga na kuona utando. "Unawapa wateja kitu kichafu namna hii?" akamfokea yule dada mbele za watu. "Asubuhi nilikwambia uzisafishe zote!"

"Nilisafisha, bosi."

"Ulisafisha kwa nini, kwa siagi?"

Dada akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo. Nikaikumbuka kamera ndogo ya Jumamosi, nikamkumbuka Baba Mkubwa na kuku wake, nikaufunga.

Katika meza ya nne nilinyamaza. Katika meza ya tano nilinyamaza tena, ila nilijaribu ujanja. Nilisema, "Shangazi, kwa nini leo usijaribu bila kufuta?" Akanitazama kana kwamba nimemshauri aingie jikoni na viatu vya matope. Akaifuta ile lenzi kwa mizunguko kumi na minne.

Baada ya meza ya tano hakugomba tena. Hilo lilinitisha kuliko kugomba. Alikaa kwenye ngazi, kamera mapajani, akaipapasa mgongo.

"Lenzi tano haziwezi kuugua siku moja," alisema polepole. "Mgonjwa ni huyu."

Aliinunua kamera ile mwaka alioacha kazi ya ukarani. Kwa miaka kumi na miwili imepiga maharusi, wahitimu na watoto walionuna wa mtaa mzima. Picha yangu ya siku niliyozaliwa ilitoka humo. Shangazi akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mwisho, kwa mnunuzi wa kamera kuukuu.

Mnunuzi aliigeuza geuza, akatazama picha zenye ukungu, akasikitika kwa furaha. "Ah, mama, hii imeingia mtoto wa jicho. Hakuna wa kuichukua. Lakini kwa kuwa ni wewe, niachie hii, ongeza hizo fedha za lenzi, nikupe hii mpya." Akamsogezea kamera ndogo ya plastiki, nyepesi kama kisanduku cha sabuni.

"Itapiga harusi?"

"Itajitahidi."

Shangazi akaanza kuufungua mkanda wa kamera yake. Aliushona mwenyewe mkanda ule, kwa uzi mwekundu, na fundo lilikuwa gumu. Vidole vyake vilihangaika nalo.

"Shangazi, usiuze."

"Choo kiko kule, nyuma ya jukwaa," akajibu bila kunisikiliza, macho yakiwa kwenye fundo.

"Si choo! Kamera ni nzima. Ni kitambaa. Nilifutia mikono asubuhi. Yale mafuta."

Vidole vikasimama. Akakitoa kitambaa, akakinusa. Akaninusa na mimi. Mnunuzi akaanza kusema, "Watoto bwana, wana hadithi," lakini Shangazi alikuwa amekwisha kuivuta kamera yake kutoka mikononi mwake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu meza ya tatu."

"Na hapa ni meza ya ngapi?"

"Ya sita," nikasema, na machozi yakanitoka. Juu ya mafuta yale hayakukaa hata kidogo. Yaliteleza moja kwa moja mpaka kidevuni.

Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alinunua kitambaa kipya na chupa ya dawa ya kusafishia vioo, akanitanguliza. Tulirudi kuanzia meza ya kwanza. Kila mahali nilisema kwa sauti nilichofanya, kisha Shangazi akasafisha lenzi huku mimi nikiwa nimesimama mikono nyuma. Kijana wa tai nyekundu alicheka mpaka akakaa. Katika meza ya tatu nilisema mara mbili, mara ya pili nikimtazama bwana mwenye kitambi. "Dada hana kosa. Alisafisha. Ni mimi."

Bwana akakohoa. Akamgeukia dada, akasema, "Basi, yameisha." Dada akavaa miwani yake.

Shangazi akaifunga lenzi ya dada yule kwenye kamera yake. "Simama hapo. Acha gazeti. Simama tu." Akapiga, akakuza. Halafu akasema, "Nifungie hii," na uso wake ulikuwa uso ninaoujua.

Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, umekasirika kwa sababu ya mafuta?"

"Mafuta nilikusamehe palepale. Ulikosea bila kujua, na hata mimi nilipaswa kukitazama kitambaa changu kabla ya kuwafokea watu. Ninachokasirikia ni meza ya nne na meza ya tano. Pale ulijua. Yule dada alikuwa anabeba kosa lako, nami nilikuwa naelekea kuuza kazi yangu, na wewe ulikuwa unapiga hesabu zako. Ukikosea, sema ungali kwenye meza ile ile. Ukisogea mbele, utakuwa na meza nyingi za kurudia, na siku moja utakuta zimefungwa."

Jumamosi sikupewa kamera ndogo. Nilibeba stendi za taa, nzito, tangu asubuhi hadi usiku, na sikulalamika kwa sauti.

Picha ya meza ya tatu sasa imetundikwa studio, juu ya kiti cha kuzunguka. Imenaswa vizuri ajabu. Unaweza kuhesabu kope zangu, na njia ya kila chozi inaonekana kama barabara kwenye ramani. Wateja huitazama, kisha humuuliza Shangazi yule mtoto anajipaka mafuta gani.

"Muulizeni mwenyewe," Shangazi hujibu. "Siku hizi anasema."