Jibu Lililosubiri Upasuaji

Walikutana mbele ya lifti ya hospitali, kwenye msongamano wa saa za kuona wagonjwa. Kaka wa watu alikuwa fundi wa kuchapa mifano ya ubongo kwa mashine, ili daktari aushike uvimbe mkononi kabla ya kuukata. Dada alivaa gauni la njano, na alipouliza njia tu, fundi akaitambua sauti: mtangazaji wa redio, yule aliyekuwa akimwamsha kila asubuhi. Jamani, moyo ulimwenda mbio palepale.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni. Alimwita "Fundi wangu", akamtania kwamba ananukia plastiki. Kilichomleta hospitali hakukisema, na fundi, kwa kulewa mapenzi, wala hakuuliza.

Siku moja daktari akamwita alete mfano aliouchapa, wenye namba tu bila jina, mgonjwa auone. Fundi akaingia nao mkononi. Mgonjwa alikuwa yule yule mtangazaji wake, na uvimbe ulikuwa umebana pale maneno yanapotokea.

"Kumbe ulijua," mtangazaji alisema. "Kumbe muda wote ulikuwa unanihurumia."

Akaondoka, na simu hakupokea tena. Fundi akabaki anatembea kama anaota, chai inapoa mezani, redioni anasikia sauti ya mtu mwingine. Alipiga mpaka akachoka, akapumzika, akapiga tena. Mwishowe ikapokelewa.

"Sikujua, mpenzi. Nilikupenda kabla sijakichapa kile kitu. Naomba nikuoe."

"Nikibaki na maneno, Fundi wangu, nitakujibu."

Alipasuliwa akiwa macho, maana ilibidi azungumze ili daktari ajue pa kutogusa. Mwenyewe aliomba Fundi ndiye aendeshe skrini ya picha. Kijiko, akakitaja. Kiti. Mwavuli. Sauti ilielea mle chumbani, laini kama zile asubuhi za redio. Ikaja picha ya pete.

Kimya.

Daktari akaondoa upesi kifaa alichokuwa akigusia ubongo, wote wakaganda. Fundi akajua ndiyo basi, maneno yamekwenda.

"Mbona mmenyamaza?" sauti ikasema taratibu. "Ni pete. Nilikuwa nafikiria tu. Fundi wangu, unaponunua, kumbuka kidole changu chembamba."

Daktari akacheka ndani ya barakoa, akaomba picha inayofuata. Fundi akapapasa, kitufe hakioni kwa machozi.