Namba Ile Ile, Kisu Kwingine

Hii story ukiisoma utasema nimeitoa kwa kichwa. Sema tu, sikukatazi. Lakini kuna kitambaa cha kupangusa vumbi, kitambaa tu, kilichopeleka mtu hadi mlangoni mwa kaburi, na mkono uliokishika ulikuwa wa mtu anayempenda kuliko wote. Usiweke simu chini. Nitakuambia kila kitu, na hutaamini.

Ilianzia Mtito Andei. Basi ya kutoka Mombasa ilikuwa imesimama watu wakule. Unajua hapo kulivyo: malori yamejipanga hadi barabarani, harufu ya dizeli imechanganyika na ya nyama choma, na kila mtu anaharakisha kana kwamba basi inamchukia yeye binafsi. Wayua, fundi wa nguo kutoka Wote, alikuwa na sahani ya chipo mkononi na hakuna kiti. Alikuwa amevaa gauni ya kitenge ya rangi ya machungwa na raba nyeupe. Akaona gunia limefunikwa blanketi kando ya meza, akalikalia.

Likamuuma. Chuma tupu.

"Pole pole na mtoto wangu," sauti ikasema nyuma yake.

Akaruka. Kijana mrefu, shati ya miraba, vikombe viwili vya chai mikononi.

"Huyu mtoto wako amekula mawe?"

"Ni leithi," akasema. "Ka-mashine ka kuchonga chuma. Kadogo, ka nyumbani. Nimekatoa Mombasa, kalikuwa ka mzee mmoja alichoka nako."

"Wewe ni fundi?"

"Nauza viatu Kitui town. Hii ni ya kujifurahisha. Wengine wanacheza pool."

"Na chai mbili?"

"Moja ilikuwa ya mtu ningempata."

Wayua akacheka hadi chipo ikaanguka. Jina lake lilikuwa Mulwa. Basi ilipopiga honi walikuwa wameshapeana namba.

Miezi ikapita vile miezi hupita ukipendwa. Jumamosi Wayua akawa anafunga kibanda mapema anaenda Kitui. Mulwa alikuwa ameweka leithi kwa chumba cha nyuma, juu ya meza ya mbao nzito, na kila kitu hapo kilikuwa na mahali pake. Ilikuwa inamtisha Wayua, sioni haya kusema. Ile mdomo ya chuma inayoshika kitu na kukizungusha hadi huoni ukingo wake, nyuzi za chuma zinatoka zimejikunja kama nywele, zinachoma. Kila akiingia alifunga lesso vizuri na kusimama mbali.

"Mwendwa, haiumi," Mulwa angesema; ndivyo alivyomwita, mpenzi kwa Kikamba.

"Inaniangalia."

"Sheria ni moja tu. Ukiona sipo, usiiguse. Hata kidogo. Hata kama ni kwa uzuri."

Na siku moja, wakila chakula cha mchana, akamwambia kitu kingine. Msichana aliyekuwa naye kabla waliachana juu ya uongo mdogo sana, hata hakumbuki vizuri ulikuwa gani. "Si kile kitu," akasema. "Ni vile alinitazama machoni akisema hapana." Wayua alikula polepole baada ya hapo.

Sasa sikiza vizuri, hapa ndipo kuna shida.

Anko Munyao, ndugu ya babake Mulwa, ni mchimba visima kule Kalamba. Puli ya winchi yake, lile gurudumu kamba inapitia juu ya shimo, pini ilikuwa imelika. Akamwomba Mulwa amchongee ingine. Pini nene, na karibu na mwisho shingo nyembamba ya kuingia kifungo cha kuishikilia. Jumamosi hiyo Mulwa alichonga asubuhi yote, Wayua ameketi kwa mlango akishona pindo. Mwili wa pini ukatoka, akaupima, sawa kabisa. Ikabaki kupitisha kisu mara ya mwisho kwa shingo. Akazungusha mkono wa mashine hadi namba aliyotaka kwa ile duara ndogo yenye namba, akazima, kwa sababu simu ililia. Ilikuwa Anko, amefika barabarani na pickup, na hapajui. Mulwa akatoka kumwelekeza.

Wayua akatazama mashine. Nywele za chuma zilikuwa zimejaa nyuma ya kisu, oili imekuwa tope jeusi. Yeye cherehani yake huipangusa kila siku, na hii ilikuwa inamwasha mkono. Akachukua kitambaa. Kisu kilikuwa kimezuia njia, akashika ule mkono akauzungusha kidogo, kisu kikasogea mbele kikapita pembeni ya pini. Akafuta. Halafu, mtu mwangalifu huyo, akarudisha mkono hadi namba ile ile. Ile ile kabisa, alikuwa ameikariri. Akakaa chini akaendelea na pindo.

Mulwa akarudi mbio. Akaangalia namba, akawasha. Chuma kikalia. Si mlio wa kawaida, ulikuwa mlio wa kitu kinachong'ang'ania, na Wayua akaacha kushona.

"Inalia hivyo kwa nini?"

"Hasira ya mwisho," Mulwa akasema. Nje pickup ilikuwa inapiga honi. Akaitoa pini, akaipuliza, akapitisha kidole. "Imetoka fiti." Shingo hakuipima. Akaifunga kwa gazeti akampa Anko.

Wayua hakusema kitu. Kwa nini aseme? Alikuwa amerudisha kila kitu mahali pake.

Jumapili jioni, baada ya kanisa, amelala kitandani kwake Wote miguu ukutani, simu sikioni.

"Leo umevaa nini?" Mulwa akauliza.

"Kitu ya kukunyima usingizi. Wewe?"

"Vesti ya oili. Nimeanza kufungua mashine. Iko na plei imezidi."

"Plei ndio nini? Nidanganye nilale."

"Sasa, kisu kinasukumwa na skrubu ndefu, na skrubu iko ndani ya nati. Nati ikilika, inakuwa na nafasi. Unazungusha mkono, namba inasonga, lakini kisu bado kimelala. Hadi ile nafasi iishe ndio kinaamka."

"Kama wewe asubuhi."

"Cheka tu. So lazima kila mara ukuje kutoka upande mmoja. Ukipita mahali, huwezi rudi nyuma hadi kwa namba useme umefika. Unarudi nyuma sana, halafu unakuja tena mbele. Kwa sababu ukirudi tu kidogo, namba itakuwa ile ile lakini kisu kimebaki huko mbele. Kinakula kuliko unavyojua."

Miguu ya Wayua ikashuka ukutani.

"Wayua?"

"Niko."

"Ndio maana nilikuambia usiguse. Ungekuwa umeharibu pini ya watu."

Alicheka. Alikuwa anatania tu, ule utani wake wa kila siku. Na hapo ndipo Wayua angesema. Mdomo ulikuwa wazi. Akaona yale macho aliyoambiwa siku ile wakila, ya yule msichana mwingine.

"Kesho uko kazini?" akauliza badala yake.

"Kesho niko Kalamba. Anko anafunga hiyo puli asubuhi. Nimemwambia mtu wa kwanza kushuka ni mimi. Pini nimechonga mimi, siwezi weka mtoto wa wenyewe hapo kabla sijajiweka."

"Si mwende na gunia ya mawe kwanza?"

"Umeanza kuniogopea? Tamu sana. Lala, mwendwa."

Akakata. Wayua akaandika meseji. *Jumamosi niligusa mashine.* Akaifuta. Akaandika tena, ndefu, na emoji ya kulia. Akaifuta. Akajiambia labda ni kitu kidogo tu, upana wa unywele, nani amewahi kufa na unywele. Akaomba. Akiomba, alikuwa anasikia ule mlio.

Asubuhi alikuwa anamkatia mama mmoja sare ya kwaya, na makasi yakakataa kwenda moja kwa moja. Akapiga simu. Inalia, haishikwi. Akapiga tena. Akatuma ile meseji sasa, yote, bila emoji. Tiki moja, haijafika, data yake imezimwa. Akaitazama hiyo tiki moja kama mtu anatazama mlango wa theatre ya hospitali.

"Wayua, hiyo ni kola ama ni mkono?" yule mama akauliza.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe," Wayua akasema, na akatoka hivyo hivyo, tepi ya kupimia shingoni.

Jamaa wa boda alimwambia Kalamba ni mbali kidogo. Wayua akamwambia aende tu. Barabarani vumbi jekundu lilimjaa kwa meno na alikuwa anaongea na Mungu kwa Kikamba, kwa sauti, hadi jamaa wa boda akaacha kupiga story. Alikuwa anafikiria kitu kimoja cha ajabu: kwamba akifika amechelewa, hakuna mtu duniani atakayejua. Watasema chuma kilikuwa kibaya. Yeye pekee ndiye atajua, maisha yake yote, akishona, akila, akiolewa na mtu mwingine. Hilo lilimtisha kuliko kisima.

Alifika akaona miti mitatu imesimamishwa juu ya shimo, puli katikati, na wanaume wakizungusha winchi. Kamba ilikuwa imekaza. Jaketi ya Mulwa ilikuwa imetundikwa kwa tawi, na ndani ya mfuko simu ilikuwa inamulika.

"Anko Munyao, simamisha," Wayua akasema. Alitaka kupiga kelele lakini sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

Anko, mzee mnene mwenye kofia ya kampeni ya zamani, akageuka. "Huyu si ni yule wa Wote? Karibu. Mtu wako tumemtoa nusu."

"Pini si nzuri. Shingo ni nyembamba. Niligusa mashine."

"Fundi wa nguo sasa ametuletea habari ya chuma," mwanaume mmoja akasema, na wengine wakacheka. Anko hakucheka. Alikuwa anatazama ile tepi shingoni mwake, ikitetemeka.

Puli ikatoa sauti. Tik. Ndogo hivyo, kama mtu amevunja kiberiti.

"Shikeni hapo hapo," Anko akasema polepole. "Mtu asivute." Akainama shimoni. "Mulwa. Weka miguu kwa ngazi za ukuta. Zile tumechimba. Usiongee, weka tu."

"Kuna nini?" sauti ikatoka chini, mbali sana.

"Weka miguu."

Wakaleta kamba nyingine, wakaifunga kwa mti wa mukau uliokuwa kando, wakaiteremsha, Mulwa akajifunga nayo, akajifungua ile ya puli. Hakuna mtu alicheka tena. Wayua aliikamata pamoja na wanaume, na alipoona kidole cha kwanza kimeshika ukingo wa shimo, kimejaa tope, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mulwa akatoka, akakaa chini. Ndoo ya mawe aliyokuwa akipanda nayo ilikuwa bado inaning'inia kwa kamba ya puli. Anko akasema wanaume wazungushe winchi waone pini itafanya nini. Wakazungusha kidogo tu. Kifungo kikaruka, pini ikachomoka, na puli, kamba, ndoo, vyote vikaenda. Ilichukua muda hadi wakasikia vimefika.

Mulwa aliongea wa kwanza.

"Uliigusa lini?"

"Ukimwelekeza Anko barabarani. Nilikuwa nafuta uchafu. Nilirudisha hadi namba ile ile."

"Na jana nilipokueleza, ukajua."

"Nikajua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa utaniacha."

Akajipangusa tope machoni. "So ilikuwa afadhali uniache kisimani kuliko nikuache kwa simu."

Kuna maneno ukiambiwa unayaweka tu mapajani.

"Niambie kitu," Mulwa akasema. "Kama hiyo pini ingekuwa ya geti. Geti tu, hakuna mtu wa kuumia. Ungeniambia?"

Hapa angeweza kusema ndio. Nani angejua? Wanaume wote walikuwa wanamwangalia, na ndio ni neno fupi.

"Hapana," akasema. "Ningenyamaza."

Mulwa akainuka akaenda hadi kwa mukau, akasimama akiwapa mgongo. Wayua akaanza kukunja tepi yake, akajua imeisha. Kisha akamsikia.

"Hiyo nati nilijua imelegea. Zamani Jumamosi ilikuwa siku ya kuosha mashine, kuipaka oili, kukaza nati, kukaza vile vipande vinashika kisu kisicheze. Halafu ukaja, Jumamosi ikawa siku yako, na mimi nikawa nasema wiki ijayo. Na shingo sikuipima. Hiyo si wewe."

"Unasema ni kosa langu kuja?"

"Nasema nilikuwa na haraka ya kukuona na nikaweka maisha ya watu kwa namba." Akageuka. "Anko, mbuzi za ntheo, zile za posa, siku hizi mtu anachagua wapi? Migwani ama hapa?"

Anko akavua kofia. "Unataka kupeleka mbuzi kwa wazazi wa mtu amekaribia kukuzika?"

"Ameniambia hapana usoni, akitetemeka hivyo. Wewe umewahi kuambiwa ukweli na mtu anaogopa namna hiyo?"

Wayua ndiye alijibu.

"Mbuzi zingoje. Kaza nati kwanza, nikiwa hapo. Nataka kuona na macho yangu. Na mimi bado naogopa, Mulwa, nikikuangalia nasikia ile ndoo ikishuka."

"Mimi pia," akasema, na akaketi kando yake, lakini hakumshika mkono bado.

Ndio hivyo. Mbuzi hazijaenda hadi leo, na nati imekazwa. Sasa wewe uliye na simu mkononi, niambie ukweli kama Wayua: ile Jumapili jioni, ungetuma hiyo meseji ama ungefuta? Na ukiwa Mulwa, ungepeleka mbuzi?