Chumvi ya Serikali

Saa tatu asubuhi. Nyuma ya duka la kinyozi lililofungwa, mjini Penza, Urusi ya mapinduzi, Zakhari alikuwa amechora ghala la chumvi la serikali juu ya meza kwa mkaa.

"Saa sita walinzi wanakwenda kunywa supu. Anabaki mmoja. Tunaingia na makoti ya ngozi, tunajiita watu wa usalama. Tunataka chumvi ya hospitali ya jeshi. Nani atabisha?"

"Na karatasi?" aliuliza Lukeria.

"Bastola ndiyo karatasi, dada."

Lukeria hakucheka. Aliuza samaki mpaka serikali ilipofunga soko. Juzi jirani yake alipigwa risasi kwa ulanguzi: mfuko mmoja wa chumvi.

Nikanori, mwenye farasi na sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, alitazama buti zake tu.

"Mzee, umemeza ulimi?" Zakhari alimuuliza.

"Baridi," alisema Nikanori.

Saa sita. Mlinzi alifungua kabla hawajagonga mara ya pili. Hakuuliza majina.

"Chukueni, ndugu zangu."

Zakhari akatupa gunia la kwanza kwenye sleji, akarudi ndani kubeba jingine, akipiga mluzi. Lukeria alibaki nje na Nikanori. Siku hizo hata kiberiti hukipati bila mihuri miwili.

Alitoboa gunia la kwanza lililokuwa kwenye sleji, akalamba kidole.

Mchanga.

Akamtazama Nikanori. Machozi yalikuwa yameganda ndevuni.

"Watu wa usalama wamemshika binti yangu," mzee alinong'ona. "Wanamtaka mwenye bastola. Wewe nenda. Usikimbie."

"Dada!" Zakhari aliita kutoka ndani. "Njoo ushike upande huu."

Zakhari ndiye aliyemlisha Lukeria kwa kijiko alipougua homa ya chawa, wakati ndugu zake wa damu hawakuthubutu kuvuka kizingiti. Lukeria aliutazama mlango wa ghala.

Akavua koti la ngozi, akalisukuma chini ya sleji, akajifunika shali kichwani. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wamepanga foleni ya mkate. Alitembea. Akasimama nyuma yao.

Mlio wa kwanza wa risasi. Kisha mingi kwa pamoja. Kisha kimya.

Hakuna aliyegeuka kwenye foleni. Kila mmoja alikaza macho kwenye mgongo wa mwenzake.

Bibi mmoja akaja na kikapu, anahema.

"Mwanangu, wa mwisho ni nani?"

"Ni mimi," alisema Lukeria, akamsogelea aliye mbele kumpa bibi nafasi.