Walimzika Baba Mbele ya Mlango Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na nne. Niliachika zamani, nina binti mmoja, na ninaishi Märsta, kaskazini mwa Stockholm. Miaka mingi nimefanya kazi ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwalaza wazee wa Kiswidi. Haya ninayoandika nayaandika kwa hasira, na sitaiombea radhi hasira hiyo!

Nilikuja nchi hii nikiwa mtu mzima, kwa hiyo pensheni yangu ni ya kuchungulia. Ukishalipa kodi ya nyumba, kinachobaki hakitoshi mtu kuzeeka nacho. Halafu kuna baridi... Magoti yangu yaliharibika kwa kuinua wazee, na kila ikifika Novemba nashuka ngazi kinyumenyume. Daktari aliniambia joto kavu lingenisaidia. Sasa hapa Stockholm joto kavu utalitoa wapi, kwenye oveni?

Nikakumbuka Lodwar. Nikiwa msichana niliwahi kusaidia katika zahanati moja kule, mji wa jangwani, mchanga hadi mlangoni. Watu wa kwetu Bungoma waliposikia wakaniona nimechanganyikiwa. Nani anaacha mvua na mahindi akazeekee mchangani? Lakini viwanja vya kule ningeviweza, na hewa ni kavu mwaka mzima. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kwetu, binti aliyeolewa akaachika hana pa kujenga kwa baba yake. Lodwar hakukuwa na ukoo wa kuniuliza nimefuata nini.

Mdogo wangu Wafula alikuwa akipeleka mahindi Lodwar kwa lori kutoka Kitale. Ningemwamini nani mwingine? Mtoto niliyembeba mgongoni! Nilinunua kiwanja, nikamtumia pesa, akasimamia msingi, kuta, mabati, hadi tangi la maji la buluu. Kila Jumamosi alinipigia simu ya video nione fundi amefika wapi. Rafiki yangu Mama Chantal, mwanamke wa Bujumbura tunayefanya kazi pamoja, aliiona nyumba ile ikiinuka, akawa ananitania kwamba nikistaafu atakuja kuwa askari wangu wa getini.

Nyumba ilipokwisha, wazee wa kwetu wakasema haiwezi kukaa bila moto. Lazima mwanamume wa ukoo awashe moto wa kwanza na kulala humo, ndipo iitwe nyumba. Mwanamke peke yake hafungui boma. Binti yangu Nafula, aliyezaliwa hapa hapa, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake kwamba nyumba ni ya aliyeijenga, mambo ya moto ni upuuzi. Nikamkemea. Nikamwambia hajui mila. Kisha nikampigia Wafula nikamwomba akawashe moto kwa niaba yangu.

Akawasha. Akalala siku ya kwanza... akalala na ya pili... Mara mkewe, Mama Brian, akahamia na watoto, eti kulinda milango isiibwe. Sikuona ubaya. Nyumba tupu huharibika, si ndiyo?

Majira ya baridi yaliyopita baba yetu akafariki. Nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa goti katika hospitali ya Flemingsberg, na daktari akanikataza kupanda ndege. Nililia kwa simu hadi sauti ikakauka. Nikamsihi Wafula kitu kimoja tu, baba azikwe Bungoma, kando ya mama, kama alivyotaka mwenyewe.

“Dada, tulia,” akaniambia. “Kila kitu kiko sawa. Baba atalala kando ya mama.”

Watu wa hapa hawakuniacha peke yangu, Mungu awabariki. Wakenya, Warundi, Wakongo, wote walijaa katika ukumbi wa kanisa kule Farsta. Kulikuwa na chai, maandazi na nyimbo, na vijana wakatufungia runinga kubwa ili tufuatilie mazishi moja kwa moja. Nilikaa mbele kabisa, mkongojo wangu miguuni. Nikaliona jeneza. Nikawaona waombolezaji. Halafu mwenye kamera akageuka, nami nikaona mchanga...

Bungoma ina mchanga tangu lini?

Kisha nikaliona tangi la buluu. Kisha mlango. Mlango wangu! Ule niliouchagua mwenyewe kwa picha, wenye maua yaliyochongwa. Na mbele ya baraza yangu kulikuwa na shimo.

Ukumbi mzima ulikuwa unaimba. Mama Chantal akaniinamia. “Dada, uko unaangalia nini? Kuna nini?” Nikamwonyesha ule mlango kwa kidole. Nafula ndiye aliyesimama, akasema mbele ya watu wote, “Mamma, det är ju ditt hus.” Mama, hiyo si ni nyumba yako! Wimbo ukafifia. Mchungaji akanitazama. Ningefanya nini? Ningemfokea nani, na mchanga tayari unaangukia jeneza la mzazi wangu? Nilinyamaza nikamzika baba, huku nikitamani kuipasua runinga ile kwa mkongojo!

Kuanzia siku ile Wafula hakupokea simu yangu. Goti lilipopata nafuu nikasafiri. Nilipitia Bungoma kwanza nikalione kaburi la mama. Nikakuta ua mpya na mtu nisiyemjua langoni. Si mtu mbaya. Alinipa kiti na maji, akanieleza kwa upole kwamba shamba ni lake, amelinunua. Wafula ndiye aliyemletea baba, mzee akiwa hajiwezi kwa ugonjwa, akatia kidole gumba kwenye karatasi za mauzo. Yule bwana hakujua hata kwamba kuna mtu amezikwa pale. Mahali alipolala mama pameota mahindi.

Ndipo nikaelewa. Baba hakuwa na ardhi tena hata ya kuzikiwa. Wafula alikuwa ameiuza yote, na maiti ilipomkaba akaipeleka kwangu!

Lodwar nilipokewa vizuri mno. Mama Brian akanikumbatia, “Karibu wifi, karibu sana,” akanipeleka... chumba cha wageni. Mimi! Chumba kikubwa, nilichokipima mwenyewe kwenye ramani kwa kitanda changu, ndani yake analala yeye. Majirani walikuja kumsalimia mgeni kutoka Ulaya. Walipaita pale kwa Wafula. Jioni Mama Brian akaniuliza narudi lini, eti anipangie kuku wa kuniaga.

Nilimkabili Wafula barazani, kaburi likiwa hatua chache kutoka miguuni petu. Nikamwambia atoe vitu vyake. Hakupandisha hata sauti.

“Moto wa kwanza niliuwasha mimi, na ni wewe uliyeniomba,” akasema. “Sasa baba yuko hapa. Hapa ndipo boma letu.”

Nikamwambia basi nitauza.

“Nani atanunua nyumba yenye kaburi mlangoni? Kama hututaki, mfukue baba uende naye.”

Mfukue baba! Ndugu wasomaji, mnajua maana ya kuambiwa hivyo na mtoto uliyemlisha kwa mkono wako?

Nilimwona wakili. Akasema hati ni yangu, hilo halina ubishi, lakini kumhamisha marehemu kunahitaji kibali cha mahakama. Wazee wa ukoo nao wakanionya kwamba binti anayemfukua baba yake anajitafutia laana. Wazee wale wale! Kuhusu mama, anayelimwa juu kila msimu, hakuna aliyefungua mdomo. Laana huwa inaangalia jinsia?

Nimerudi Märsta. Nilipaswa kuwa nimestaafu, lakini bado nachukua zamu, mzee anamwogesha mzee. Nafula hajawahi kuniambia “nilikuambia”. Ananinyamazia tu, na ukimya huo unanichoma kuliko matusi.

Juzi Wafula akapiga simu, kwa mara ya kwanza tangu niondoke. Hakuomba msamaha. Alisema kaburi la baba linahitaji marumaru, na mimi kama kifungua mimba nitajiaibisha nikikaa kimya. Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamjibu kwamba kesi imeshafunguliwa, na baba akihama hapo, yeye atakuwa wa pili kuhama. Laana ikija, itanikuta Lodwar, kwenye kitanda changu!

Ninyi mnaojenga makwenu mkiwa huku, nawasihi. Waheshimuni wazee, lakini msimpe mtu yeyote heshima ya kuwafungulia nyumba mliyoijenga kwa mgongo wenu. Nendeni wenyewe. Kama nauli haipo, iacheni ikae tupu, popo walale humo. Popo ukimfukuza anatoka... ndugu anakuachia maiti.