Mapigo Thelathini ya Beso

Nestani ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na si mtu wa porojo. Haya alinieleza jana huku akikanda unga, wala hakuniangalia usoni.

Ilikuwa asubuhi njema ya mwisho wa Aprili, mwaka jana. Yeye na kaka yake Jokola walipanda mteremko ulio juu ya kijiji chetu kupima theluji, maana kesho yake wangeleta wageni wa kuteleza. Majira hayo theluji huganda usiku ikawa ngumu kama sakafu, lakini jua likishaipiga inaoza, inalainika na kuporomoka. Ikigonga saa nne, hata mbuzi haponi pale. Mwaka uliotangulia ilimfunika Beso, rafiki wa Jokola tangu utotoni. Hakupatikana.

Walichimba shimo, wakachonga nguzo ya theluji ubavuni mwake. Jokola akalaza beleshi juu ya nguzo, akaligonga kama tunavyopima huku: mapigo kumi ya kiganja, kumi ya kiwiko, kumi ya bega. Nguzo haikutikisika.

"Imara kuliko ndoa yako, dada."

"Ishia hapo hapo!" Nestani akacheka.

Ndipo chini yao kukagongwa.

Mapigo kumi, mepesi. Kisha kumi mengine, mazito kidogo. Kila yalipofika saba yalitulia, halafu yakaendelea. Beso alipokuwa akipima, alipumzika baada ya la saba ili apulizie vidole vyake. Kijiji kizima tulimtania kwa hilo.

"Kaka, twende," alinong'ona.

"Ni Beso."

"Beso amekufa, Jokola. Mwaka mzima!"

"Namjibu tu."

Akagonga. Akajibiwa. Akaanza kuchimba.

Saa tatu na nusu, theluji ilikuwa inawameza hadi vifundoni. Nestani alimvuta kwa mkoba, akasukumwa. Saa nne kasorobo, ikafika magotini. Alilia, akamsihi kwa jina la mama yao. Jokola hakugeuka. Nestani akakimbilia kwenye mwamba peke yake, na hilo hajajisamehe.

Kutoka mwambani alisikia mapigo ya bega. Moja. Mbili. Mpaka saba. Kimya.

Mteremko mzima ukaondoka.

Jokola tulimpata Juni, theluji ilipoyeyuka. Alikuwa amekumbatia beleshi. Nililiosha mimi, kwa hiyo nina uhakika: jina lililochomwa kwenye mpini lilikuwa la Beso. Beleshi la Jokola tulilitafuta hadi tukachoka.

"Juzi nilipanda tena," Nestani alisema. "Nikagonga kumi ya kiganja."

"Ehe?"

"Yakarudi kumi. Mfululizo. Hakupumzika kwenye la saba."

Nilijua basi si Beso, na niliogopa sana. Nikamuuliza kama alijibu. Akaendelea kukanda.

Nilipotoka, niliona beleshi lenye jina la Jokola mpinini limeegemezwa mlangoni, juani. Theluji iliyokuwa juu yake haikuwa imeyeyuka.