Mchezo wa Kuchuchumaa

Ilikuwa zamu ya mwisho, jua limeanza kushuka nyuma ya ukuta, nami nilitaka kumaliza haraka nirudi nyumbani na shangazi yangu. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika jela ya zamani, iliyofungwa kabla sijazaliwa. Nawaonyesha seli, jiko, ua, na mwisho ile seli ya giza isiyo na dirisha. Shangazi ndiye aliyenilea. Kwa miaka alikataa kukanyaga pale, kwa kuwa baba yake, yaani babu yangu, aliwahi kufungwa humo. Siku ile akakubali.

"Nimekuja kukuona wewe kazini," aliniambia langoni. "Hii jela sina shida nayo. Ikinitaka, inifuate yenyewe."

Wageni walicheka. Shangazi yangu ana mdomo, na akishaanza, hata redio huzimwa.

Sisi watembeza wageni tuna mchezo wetu pale uani. Tunamvika mgeni mmoja kofia ya askari jela, na wengine wanachuchumaa mbele yake, mikono kichwani, kama wafungwa walivyolazimishwa zamani. Mtembezaji huchuchumaa wa kwanza ili watu wasione haya. Wanapiga picha, wanacheka, tunaendelea. Hakuna aliyewahi kutuambia kuna ubaya.

"Nani atakuwa askari wetu leo?" niliuliza.

Mzee mmoja alijitokeza nyuma ya kundi. Sikukumbuka kumpokea langoni. Alikuwa mrefu, suruali imenyooshwa kwa pasi, na alinuka dawa ya vyoo na sufu iliyolowa... Nilidhani ni baba wa mmoja wa wageni. Nikamkabidhi kofia.

Ilimkaa sawasawa.

"Chuchumaa."

Hakupaza sauti. Tulichuchumaa wote isipokuwa shangazi, aliyebaki ukutani akituangalia kama watoto watundu. Bwana mmoja mnene aliyekuja na mkewe aliangukia makalio, tukaangua kicheko.

"Haya jamani, tuinuke," nilisema.

Magoti yangu hayakuinuka.

Nilijaribu tena. Yalikuwa mazito, kama si yangu. Nyuma yangu kicheko kilikatika.

"Dada..." alinong'ona mke wa yule bwana. "Dada, siwezi kusimama."

Yule mzee alitembea katikati yetu polepole. Nilisikia funguo zikigongana kiunoni mwake. Nilimtazama vizuri. Hakuwa na funguo.

Alisimama mbele ya shangazi.

"Na wewe."

"Na mimi nini?"

"Chuchumaa."

"Mimi napiga magoti kwa Mungu peke yake. Wewe ni nani?"

Mzee alimwinamia sikioni, lakini uani palikuwa kimya na sote tulisikia.

"Baba yako naye alikataa. Nikamweka mle."

Mlango wa seli ya giza ulifunguka. Niliufunga kwa kufuli mwenyewe baada ya zamu iliyotangulia, na kufuli lilikuwa chini, limefunguka... Mzee alimshika shangazi kifundo cha mkono na kuanza kumvuta. Shangazi aling'ang'ania ukingo wa mlango. Nimekaa naye maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akiogopa. Sasa nilimwona.

"Mwanangu!"

"Shangazi, magoti hayainuki!"

"Babu yako alitoka humu magoti yamekataa kunyooka!" alipiga kelele. "Tulimzika amejikunja! Na wewe unamchuchumalia huyu?"

Nyumbani niliambiwa babu aliugua mifupa. Nilikuwa nimewachuchumaza watu uani mle, miezi nenda miezi rudi, kwa kicheko. Hasira ilinipanda hadi machozi yakanitoka.

Nikaweka viganja chini. Nikasukuma.

Goti la kulia lilialika, ka! Nilipiga ukelele. La kushoto likafuata. Nilisimama nimepinda, kisha nikajinyoosha, na maumivu yale sitayasahau. Nilimfikia shangazi akiwa nusu yake imeshamezwa na giza.

"Hiyo kofia nimekupa mimi," nilimwambia mzee. "Jela sikukupa. Na shangazi yangu sikukupa."

Aligeuka. Alitabasamu.

"Chuchu..."

Nikainyakua.

Chini ya kofia hapakuwa na kichwa cha kushika. Mkono wangu ulipita kwenye baridi tupu. Mlango ukajibamiza kwa kishindo, na shangazi akaniangukia kifuani, akihema. Huko nyuma wageni waliinuka wakipepesuka. Wengine walilia.

"Yule mzee alikuja na nani?" aliuliza yule bwana mnene.

Kila mmoja alidhani amekuja na mwenzake. Mlinzi wa lango aliapa hakumwingiza mtu wa namna ile.

Kesho yake niliichoma kofia. Bosi alifoka, akasema ataleta nyingine, kwa kuwa wageni wanaupenda mchezo.

"Sawa, bosi. Twende uani, uchuchumae wewe wa kwanza."

Alitazama ua. Alitazama mlango wa seli. Akakumbuka ana simu ya kupiga.

Shangazi ana alama ya vidole mkononi hadi leo. Haiumi, lakini haifutiki. Ananisihi niache kazi. Nimemkatalia, kwa heshima zote. Nikiondoka, atakuja mtembezaji mwingine asiyejua, na mchezo utarudi. Sasa nikiwa uani na wageni nawaeleza habari za babu, na wanasikiliza wakiwa wamesimama, hata waliochoka.

Jioni, wageni wakishaondoka, naenda kuifunga seli ya giza. Ile harufu ya dawa na sufu hunitangulia. Kisha kutoka ndani, taratibu...

"Chuchumaa."

Magoti hunitetemeka, sitadanganya. Naegemea fremu ya mlango, nanyoosha mgongo, natazama humo gizani.

Yeye hajanyamaza. Mimi sijachuchumaa.